Nimeonja gueuze ya Cantillon pale Brussels: mbona ladha ni ya mbege iliyolala?

#1 Kibosho_BXL
Wakuu, salaam.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Cantillon, kile kiwanda cha Anderlecht, mwendo wa dakika kama kumi kutoka stesheni ya Midi. Huu ni mwaka wa sita naishi mji huu na siku zote nimepita mtaa ule nikidhani pale ni gereji. Ndani ni giza na ubaridi, na kuna harufu iliyonisimamisha mlangoni. Ilikuwa harufu ya nyuma ya nyumba kwa mama, Kibosho huko Kilimanjaro, upande ule pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, linapokaa karibu na zizi.

Kwa wasiokijua: kiwanda kilianza mwaka 1900, wakitengeneza bia iitwayo lambic. Hawatii hamira kabisa. Wanachemsha ngano na shayiri kwa saa nyingi, halafu uji ule mwepesi unapandishwa juu chini ya paa, unamwagwa kwenye sinia kubwa la shaba na kuachwa wazi usiku kucha. Kinachoangukia humo ndicho kinachoichachusha. Asubuhi inaingia kwenye mapipa ya mbao, na humo inakaa mwaka, miwili, mitatu.

Nilionja nne, naziandika kwa mpangilio:

Lambic ya mwaka mmoja, kutoka pipani. Haina gesi. Rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Uchachu umenyooka kama mtindi uliokaa siku ya tatu, mwishoni inakausha ulimi kama ganda la ndizi mbichi.

Gueuze. Hii ni mchanganyiko wa lambic za mwaka mmoja, miwili na mitatu, inachachuka tena ndani ya chupa. Povu jeupe, linapanda haraka na kuisha haraka. Harufu: ganda la limau, nyasi kavu, ngozi ya viatu vipya, na nyuma kabisa ile ya zizi. Nilipoimeza nilifumba macho. Wakuu, hiyo ni mbege ya siku ya pili, ile ambayo wazee wanaifuata asubuhi kabla watu hawajaamka.

Kriek, yenye cheri. Nyekundu ya damu ya mzee. Nilitegemea utamu, hakuna hata chembe.

Rosé de Gambrinus, ya rasiberi. Harufu nzuri kupita zote, ladha fupi.

Swali langu. Mbege ni ndizi na ulezi, uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Hii ni ngano, shayiri na hopsi, yale maua machungu ya bia. Hakuna kitu hata kimoja kinachofanana. Sasa ladha inafananaje hivi? Naomba wenye ujuzi.

#2 Kijana_wa_Sinza
Mkuu, jibu ni fupi. Hiyo bia imeharibika, na mbege iliyolala nayo imeharibika. Vitu viwili vikioza vitanuka sawa.

#3 MamaNaomi
@Kijana_wa_Sinza wewe mbege hujawahi kuinywa, unaijua kwa kusimuliwa. Mbege iliyoharibika inajulikana, hata kuku hapewi. Ya siku ya pili ni kitu kingine. Mleta uzi kasema iliyolala, hajasema iliyooza.

Mleta uzi asante, hapo kwenye ganda la ndizi mbichi umenirudisha mbali.

#4 Mpiga_Tembo
Nimeweka kambi. Ila picha ziko wapi?

#5 Ghent_Mtulivu
Nirekebishe kidogo #1. Ni kweli 1900, ila wakati ule Paul Cantillon na mkewe Marie Troch hawakuwa wapishi wa bia. Walikuwa wananunua lambic kwa wengine, wanaichanganya na kuiuza. Kupika wenyewe kulianza baadaye, miaka ya 1930. Familia ni ileile kwa njia ya ukwe: Jean-Pierre Van Roy alioa binti wa Cantillon, sasa mwanawe Jean ndiye anayepika. Mwaka 1978 walifanya kiwanda kuwa makumbusho hai ili kisife, maana vya jirani vyote vilikuwa vinafungwa. Hapo zamani Brussels ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya mia.

Pia hawapiki mwaka mzima. Ni kuanzia mwisho wa Oktoba hivi mpaka mwanzo wa Aprili, usiku wa baridi tu. Joto likizidi wanaingia wadudu wasiotakiwa na bia inageuka. Hili ni muhimu kwa swali la mleta uzi: Kibosho hakuna usiku wa nyuzi 2. Kwa hiyo ile habari ya "kinachoangukia humo" haiwezi kuwa kitu kimoja.

#6 Kibosho_BXL
Shukrani kwa marekebisho @Ghent_Mtulivu. Ila mkuu, Kibosho ya Juu mwezi wa saba umewahi kulala? Unavaa makoti mawili.

Picha nitaweka jioni, simu ilizima.

#7 Mwalimu_wa_Chachu
Habari zenu. Nimesoma sayansi ya chakula Morogoro na chachu ndiyo kazi yangu, niruhusuni niwe mrefu.

Uchachu si mmoja. Kuna wa maziwa mgando, asidi laktiki: unakaa pembeni mwa ulimi, laini, mate yanajaa. Kuna wa siki, asidi asetiki: unapanda puani na kuchoma koo. Mleta uzi amesema "mtindi", hakusema "siki". Kwa hiyo @Kijana_wa_Sinza, kinywaji kilichoharibika mara nyingi ni kile cha pili, hewa ikiingia sana. Hiki cha kwanza kinatengenezwa na kulindwa.

Ndani ya pipa la lambic kuna zamu. Watafiti wa Ubelgiji walifuatilia mapipa ya hapohapo Cantillon na kuchapisha mwaka 2014. Mwezi wa kwanza wanatawala bakteria wa jamii ya wale wa utumboni (msishtuke, pombe na asidi zinawaondoa). Kisha inakuja hamira ya kawaida, Saccharomyces, inakula sukari nyepesi. Pamoja nayo wanakuja Pediococcus, ndio wenye uchachu wa mtindi. Baada ya miezi kama sita anaingia Brettanomyces bruxellensis, hamira ya polepole, anakula mabaki ambayo wengine hawayawezi. Harufu ya ngozi na zizi ni kazi yake.

Sasa mbege. Kwenye mbege ya siku mbili bakteria wa laktiki wapo kwa wingi, nakubali. Lakini Brettanomyces anahitaji miezi. Kwa hiyo uchachu unafanana kwa sababu ya kweli, na zizi la mleta uzi, kwa heshima zote, huenda lilikuwa zizi kweli. Pipa la mama lilikaa karibu na ng'ombe.

#8 Kijana_wa_Sinza
Mwalimu nimekuelewa. Bakteria wa utumboni lakini 😳

#9 Mwana_Mbeta
Mimi wa Iringa. Mnazungumza kama vile vinywaji vya kujichachusha viko viwili tu duniani. Ulanzi je? Unakata chipukizi la mianzi, unafunga mbeta, chombo cha mianzi, chini yake, matone yanaingia, asubuhi unakuta tayari imeshaanza kuumuka. Hakuna aliyetia kitu. Asubuhi ni togwa, tamu, watoto wanakunywa. Ukiuacha unakuwa mkangafu, na mkangafu una uchachu huohuo anaousema mleta uzi.

Na siri ya ulanzi tunaijua sote nyumbani: ni mbeta. Mbeta mpya inatoa ulanzi mlegevu. Mbeta iliyotumika misimu miwili inachachusha haraka. Hewa ni ileile, msitu ni uleule. Kilichobadilika ni chombo. Kwa hiyo muache hewa, uliza mapipa ya hao Wabelgiji yana umri gani.

#10 Buda_Kiambu
#9 umenena. Hapa kwetu pombe ya muratina inathibitisha hayo. Lile tunda refu la mti wa mũratina, lenye umbo la soseji, linakatwa, linakaushwa juani, halafu linawekwa kwenye maji ya asali au ya miwa. Likimaliza kazi linatolewa, linakaushwa, linatunzwa hadi safari ijayo. Guka (babu) alikuwa na yake kwenye gunia juu ya jiko, na hakuna mtu aliruhusiwa kuyaguza. Ukilipasua ndani ni nyuzinyuzi kama sifongo. Chachu inalala humo. Mbao za pipa ni nyuzi pia, ama?

Kwa hiyo nadharia yangu: kuni, nyuzi, vitundu vidogo. Chachu inataka nyumba.

#11 Ghent_Mtulivu
Ya mbao mko sahihi kwa sehemu. Mapipa mengi ya Cantillon yalishatumika kwa mvinyo kwingine kabla hayajafika pale. Lakini yanapotoka lambic yanaoshwa vikali, kwa maji moto na mvuke, kuna hata minyororo inazungushwa ndani kukwangua. Kinachobaki ndani ya mbao kinabaki, ila siyo kwamba wanaachia uchafu.

Jambo jingine nililoliona mwenyewe: hawaui buibui. Utando uko kila kona. Buibui anakula nzi wanaofuata matunda wakati wa kriek, na dawa ya kupulizia ikiingia mle ndani kazi yote imeharibika.

#12 MamaNaomi
Buibui! Na mimi nilikuwa napigwa na ufagio kwa kuacha utando jikoni.

#13 Papaa_Liège
Bandugu, jambo yenu bote. Miye wa Lubumbashi, niko Liège tangu 2009.

Munasahau nafaka. Kwetu Katanga tunakunywa munkoyo. Unapika bukari mwepesi wa mahindi, uji tu, halafu unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Baada ya muda mufupi uji mzito unakuwa maji, na utamu unatoka. Ule muzizi ndio unakata wanga kuwa sukari. Ukiuacha usiku inaanza kuchacha yenyewe.

Sasa angalia lambic: ngano kama asilimia 35, na hiyo ngano ni mbichi, haikuoteshwa kuwa kimea. Wanafanya hivyo makusudi, na maji yanayotoka kwenye chungu cha kwanza yanakuwa meupe kama ya kuosha muchele. Wanga mwingi unapita bila kukatwa wote. Ndio chakula cha ile hamira ya polepole aliyosema Mwalimu. Ndizi iliyoiva imechemshwa, imebaki na wanga kidogo, na mso, ule uji wa kimea cha ulezi, unaongeza. Kwa hiyo mimi nasema ladha inafanana kwa sababu chakula kinafanana. Wadudu wanakuja popote, lakini wanakaa penye chakula yao.

#14 Mwalimu_wa_Chachu
@Papaa_Liège hoja nzito hiyo, na sikuifikiria. Nakubali kuhusu wanga wa ngano. Kuhusu ndizi ya kuiva sana nina shaka, wanga wake karibu wote umeshageuka sukari. Labda huo mso.

#15 Kibosho_BXL
Niwaeleze mbege inavyopikwa nyumbani ili tusibishane hewani. Ndizi mbivu zinamenywa, zinachemshwa kwa saa nyingi mpaka zinakuwa nyekundu. Zinafunikwa pipani siku kadhaa. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji, ndio mso. Maji ya ndizi yanachujwa, yanachanganywa na mso uliopoa pamoja na msesewe. Kesho yake watu wana kata mkononi.

Kwa hiyo vyote viwili vimechemka. Kama vya Cantillon. Chachu imeingia baadaye, kutoka mahali. Hapo ndipo swali langu liko.

#16 Bigirimana_Maine
Salamu kutoka Portland, Maine. Mimi Mrundi.

Kwetu urwarwa hauchemshwi. Ndizi zinavundikwa, zinakamuliwa pamoja na majani makavu, juisi inachujwa, inatiwa unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa. Chachu iko kwenye ganda, kwenye nyasi, kwenye mtama. Na urwarwa haufanani na bia hii mnayoisema. Ni mkali, mtamu, una joto kifuani. Hiyo inampa nguvu @Kibosho_BXL: kuchemsha kunaua wa kwanza na kuwapa nafasi wa pili.

Kuhusu hewa ya Brussels: hapa mjini kwetu kiwanda cha Allagash kilijenga chombo cha kupoozea kama kile cha Wabelgiji mwaka 2007. Chumba kidogo, madirisha wazi, hewa ya Maine. Wana moja iitwayo Resurgam, mchanganyiko wa mwaka mmoja, miwili na mitatu, kama gueuze. Nimeinywa mara mbili. Inachachuka vizuri kabisa, uchachu wa mtindi upo, ngozi ipo. Ila ni laini zaidi, ina harufu ya parachichi za kukausha, zile za manjano ndogo za huku, siyo maparachichi yetu ya kupaka mkate. Na zizi sikulipata.

Kwa hiyo bonde la mto Senne, ule wa Brussels, si la lazima. Lakini pia siyo kwamba ni sawa.

#17 Kijana_wa_Sinza
Kwa kiingereza hayo ni yapi mkuu? Umenichanganya na parachichi.

#18 Bigirimana_Maine
@Kijana_wa_Sinza aprikoti. Cantillon wenyewe wana moja ya aprikoti, Fou' Foune. Kama mtu anayo aionje atueleze.

#19 Ghent_Mtulivu
Ninayo moja, nimeifungua leo kwa ajili yenu. Chupa nimeisimamisha tangu juzi ili mashapo yashuke. Joto la stoo, kama nyuzi 12, msiinywe ya barafu, baridi kali inaficha harufu yote na kuacha ukali tu.

Rangi ya dhahabu iliyofifia, ina ukungu. Povu dogo. Pua: ngozi ya aprikoti, ile yenye manyoya, na kokwa yake, uchungu wa lozi. Mdomoni utamu unaahidiwa na harufu lakini haufiki. Uchachu unaingia mapema, unatulia katikati, halafu unabaki kwenye fizi muda mrefu. Glasi ya pili, baada ya robo saa, ilikuwa bora kuliko ya kwanza: ukali umeshuka, harufu imepanda.

Zizi? Kidogo sana, mwishoni, kama blanketi la sufu lililotoka sandukuni.

#20 Bint_Pangani
Assalaam aleikum. Mimi sinywi, ila uzi nimeusoma wote kwa raha.

Niwaongezee. Bibi yangu Pangani akipika vitumbua alikuwa haumulii kwa hamira ya dukani. Alitumwa mtoto kwa mgema achukue tembo kidogo, likatiwa kwenye mchele uliosagwa usiku. Asubuhi bakuli limefurika. Na vitumbua vile vilikuwa na uchachu wa mbali, ambao hamira ya pakiti haitoi. Mgema akileta tembo la mchana, vitumbua vinakuwa vikali. Akileta la alfajiri vinakuwa vitamu. Mnazi uleule, mgema yuleyule.

Kwa hiyo mimi nauliza kuhusu saa. Nyote mmetaja hewa, chombo na chakula. Muda je?

#21 Mpiga_Tembo
Bint wa Pangani kaleta hoja bila kunywa tone. Na mgema wa bibi naye, akisifiwa sana tembo hulitia maji, hapo vitumbua vinakuwaje?

#22 Bint_Pangani
@Mpiga_Tembo vinakuwa chapati za maji 😄

#23 Mwalimu_wa_Chachu
Muda ni hoja kubwa kwelikweli. Kuna hatua moja ya lambic sijaieleza. Pediococcus akishamiri, bia "inaugua". Inakuwa nzito, inavutika, ukiimimina inashuka kama mlenda. Mtu asiyejua angemwaga. Wanasubiri tu. Miezi inapita, Brettanomyces anakula ule utelezi, bia inarudi nyepesi na safi kuliko mwanzo. Hakuna dawa wala chujio.

Nikiwa mwanafunzi nilipika bia ya uchachu kwenye ndoo nyumbani, ikafika hatua ya mlenda, nikaimwaga yote chooni. Lita ishirini. Nilisoma habari ya kuugua miaka miwili baadaye na iliniuma sana.

#24 MamaNaomi
Pole mwalimu. Lita ishirini ni sherehe ya kipaimara hiyo.

#25 Shuka_Mombo
Kuhusu muda na gesi ya chupa. Mwaka jana niliweka mbege kwenye chupa tatu za soda za lita moja na nusu, nikafunga vizuri, nikapanda basi Moshi kwenda Dar. Tulipokaribia Mombo ya kwanza ikalipuka. Abiria walipiga mayowe wakidhani tairi. Ya pili nikaifungua mwenyewe dirishani kwa mikono inayotetemeka. Ya tatu ilifika, na shemeji yangu anasema hajawahi kunywa mbege yenye povu vile, inachoma pua kama soda. Sasa nasoma hapa kwamba watu wanafanya hivyo makusudi na kutia kizibo.

#26 Ghent_Mtulivu
@Shuka_Mombo ndiyo hiyo hiyo, lakini chupa zao ni nene kama za shampeni, kizibo cha gamba la mti na juu yake kifuniko cha bati. Na lambic ya kale imeshamaliza karibu sukari yote, ile changa ndiyo inaleta sukari ya gesi. Mbege ya siku mbili ina sukari nyingi bado. Tafadhali msifunge mbege kwenye chupa ya kioo. Mtu atapofuka.

#27 Buda_Kiambu
Na hopsi mbona hakuna amezitaja? Nimeambiwa wanatumia zilizozeeka.

#28 Mwalimu_wa_Chachu
Ni kweli, za miaka miwili mitatu, zimekauka mpaka zinanuka jibini. Uchungu na manukato vimepungua sana, lakini nguvu ya kuzuia baadhi ya bakteria imebaki. Bila hizo uchachu ungekimbia mwezi wa kwanza. Na nyingi zinatiwa, kuliko bia ya kawaida.

Hapa ndipo msesewe unaponivutia. Wote tunasema ni wa uchungu. Huenda nao unachagua nani akae na nani aondoke kwenye pipa la mbege. Kama ni hivyo, basi hopsi nzee na msesewe wanafanya kazi moja, na mleta uzi ameonja kazi hiyo.

#29 Papaa_Liège
Mwalimu, hiyo ni nadharia ya tano sasa. Tunahesabu.

#30 Mwana_Mbeta
Ulanzi hauna msesewe wala hopsi na bado unafika kwenye uchachu huohuo. Narudi palepale: mbeta.

#31 Kijana_wa_Sinza
Wakuu natoa ripoti. Niko Amsterdam kwa kozi ya wiki mbili, jana nimetafuta baa yenye Cantillon na kuagiza gueuze kwa sababu ya uzi huu. Funda la kwanza nilikunja uso mpaka mhudumu akacheka. Funda la tatu nikaanza kutafuta hilo limau mnalosema, nikalipata. Nilipomaliza nilitaka nyingine, ila bei ilinizuia. Naondoa kauli yangu ya #2. Si bia iliyoharibika. Ila mbege sijawahi kunywa ni kweli, MamaNaomi kanikamata.

#32 MamaNaomi
Karibu Uru, mwanangu. Ya kwanza ni juu yangu.

#33 Kibosho_BXL
Narudi baada ya kimya kirefu. Nilikuja nyumbani kwa sikukuu, nilibeba chupa mbili za gueuze na moja ya kriek, zimefungwa kwenye suruali nne. Zilifika salama.

Tarehe 27 nilimkalisha mama barazani. Mama amepika mbege zaidi ya miaka arobaini, watu wanatoka Umbwe kuja kwake. Nilimmiminia gueuze kwenye kata, siyo glasi, ili isimpe ugeni. Pembeni nikaweka mbege yake ya jana.

Alinusa kwanza. Akaizungusha. Akanywa funda dogo, akakaa nalo mdomoni, akatazama migomba. Akasema, "Huyu aliyepika ni mtu mzima." Akanywa tena. "Ila ulezi hakutia. Imekosa mwili, inapita kama maji ya mvua. Na hii imekaa. Imekaa sana. Nani alikuwa na subira hii?"

Nikamwambia miaka mitatu. Hakuniamini. Nikamweleza ya sinia la shaba, paa na usiku. Akaniuliza swali moja tu: pipa wanaliosha na nini?

#34 Mwana_Mbeta
MAMA! Nilisema mimi. Chombo!

#35 Papaa_Liège
Pole pole @Mwana_Mbeta. Mama alianza na ulezi. "Imekosa mwili." Hiyo ni nafaka. Brettanomyces amekula wanga wote, ndio maana inapita kama maji.

#36 Bint_Pangani
Na akasema "imekaa sana". Mnasikia mnayoyataka.

#37 Mwalimu_wa_Chachu
@Kibosho_BXL swali muhimu: mama alisikia zizi? Na pipa bado liko karibu na ng'ombe?

#38 Kibosho_BXL
Mwalimu, ng'ombe waliuzwa 2018. Pipa liko palepale. Nilinusa mbege peke yake, chumba kimefungwa. Harufu ipo.

Nilimuuliza pia kuhusu hilo zizi. Akasema hiyo si harufu ya ng'ombe, ni harufu ya pipa, pipa la mbao lilikuwa la baba mkwe wake na lilikuwa hivyo alipoolewa.

#39 Mwalimu_wa_Chachu
Pipa la mbao la vizazi viwili. Basi miezi ninayoidai Brettanomyces anayo, tena miaka, kaishi ndani ya mbao. Nafuta sehemu ya mwisho ya #7. Naomba nikija Moshi mwezi wa tatu mama aniruhusu kukwangua kidogo ubao wa ndani nipande maabara.

#40 Kibosho_BXL
Nimemuuliza kwa simu sasa hivi. Amesema kuonja uje hata kesho. Kukwangua hapana, pipa litakasirika.

#41 Buda_Kiambu
Na hukujibu swali lake mkuu. Yeye pipa lake analiosha na nini?

#42 Kibosho_BXL
Maji ya moto na majani ya mgomba makavu, anasugua kwa mkono. Sabuni haijawahi kuingia mle.

#43 Mpiga_Tembo
Na ile kriek nani aliimaliza?

#44 Kibosho_BXL
Mama. Alisema hiyo ya wageni, akaenda nayo ndani.